Detekta ya metali kwenye shamba la zamani, barabara ya Kipushi: uzoefu wangu

Nilinunua detekta hii, mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa, mwezi wa tano hapa Lubumbashi kwa dola 280, na tangu Juni ninaitumia kwenye shamba la mama mkubwa, kando ya barabara ya Kipushi. Zamani baba yake alikuwa mfanyakazi hapo, na mwenye shamba alikuwa Mbelgiji. Nyumba ya Mbelgiji imebaki ngazi tatu za saruji, kisima kilichofukiwa na miembe miwili.

Niliusubiri msimu huu wa baridi kwa makusudi. Wakati wa mvua majani yanakupita kimo. Juni yamekauka, mengine yameungua, na msingi wa nyumba unaonekana wote.

Siku ya kwanza nilitaka kuirudisha kwa aliyeniuzia. Ililia kila hatua, nikachimba mashimo tisa bila kupata hata msumari. Baadaye nikaelewa: udongo wetu mwekundu umejaa chuma, na mashine inausikia. Lazima uipatanishe na ardhi kwanza. Tafuta mahali pasipo na vipande vya chuma, inua na ushushe ile sahani ya chini taratibu huku ukizungusha kitufe, mpaka mlio usibadilike sahani ikipanda au ikishuka. Halafu punguza nguvu ya kusikia hadi kama theluthi mbili. Ikatulia kabisa. Ninarudia kila nikihama, hasa karibu na vichuguu, maana udongo wake si sawa na wa pembeni. Detekta isiyo na kitufe hicho usiinunue huku kwetu, hata ikiwa ya bei nafuu.

Muuzaji aliniambia inafika mita moja chini. Sarafu mimi naipata kwenye sentimita 10, ikizidi sana 15. Vipande vikubwa vya malata (mabati) ndivyo vinavyolia kutoka chini zaidi.

Asubuhi kuna baridi kali na betri zinaisha upesi. Za akiba naziweka mfuko wa ndani ya koti. Ardhi imekauka kama tofali. Nikisikia mlio mzuri namwagia hapo kikombe cha maji, nangoja kidogo, ndipo nachokonoa kwa kisu butu. Sururu niliiacha baada ya kukwaruza kitu ambacho sitakipata tena: sarafu ya senti 10 ya Kongo ya Wabelgiji, yenye tundu katikati na nyota kuizunguka.

Takataka ni nyingi: misumari ya malata, makopo, vifuniko vya bia ya Simba. Unaweza kuiambia mashine isivilie, lakini mimi nimeacha, kwa sababu sarafu ndogo za nikeli zinanyamazishwa pamoja navyo. Ukikuta kitu chenye umbo la kombora, usikiguse. Weka alama kwa mbali, ondoka, uwaite wanaohusika.

Jumamosi iliyopita, chini ya mwembe wa pili, ulikuja mlio mmoja safi, uleule nikipita kushoto au kulia. Sentimita kumi na mbili. Kikatoka kiduara cha kijani kibichi. Nilikiosha kwa maji tu, bila kusugua, na upande mmoja ukatokea mkungu wa ndizi, wa pili ule msalaba wa shaba, pesa ya kale ya Katanga. Faranga 1 ya Katanga, mwaka 1961, wakati jimbo letu lilikuwa limejitenga na Kongo.

Nilimpelekea mama mkubwa jikoni. Aliipangusa kwa kidole gumba, akaigeuza mara mbili. “Mwanangu, hii mama alikuwa ananituma nayo chumvi.” Akaifunga kwenye pindo la kikwembe chake. Kisha akanitoa nje, akanionyesha kwa mkono ng'ambo ya kichuguu kikubwa, mahali ambapo mimi nilijua ni pori tu.

“Wewe unachimba kwa bwana. Sisi tulikuwa tunakaa kule.”

Jumamosi hii naanzia huko, na mashine naipatanisha upya kabla sijapiga hatua.