Walinifungulisha sakosi (begi) mbele ya watu: uzoefu wangu na maktaba moja ya sheria hapa Bukavu

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kwanza. Maktaba yenyewe siitaji jina. Ninyi mnaosoma sheria hapa mjini mtaitambua mkifika mstari wa kumi, na wengine mtaelewa tu kilichonipata.

Memwari yangu, yaani kazi ya kumaliza masomo, inahusu kalinzi, namna ya kupata shamba kwa desturi. Kwa asiyetoka Bushi, sehemu ya Washi hapa Kivu ya Kusini: mtu anapeleka ng'ombe kwa mwami (mfalme wa desturi) au kwa mkubwa aliye chini yake, anapewa shamba, na shamba hilo linabaki kwake na kwa watoto wake. Bwasa ni kitu kingine. Hapo unalima kwa muda mfupi, unamtolea mwenye shamba sehemu ya mavuno au unamfanyia kazi, na huruhusiwi kupanda migomba wala kahawa, kwa sababu mwenye mmea wa kudumu kesho atasema udongo ni wake. Halafu ikaja sheria ya udongo ya nchi yetu, Kongo, ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya serikali peke yake. Cha 387 kikageuza mashamba ya wenyeji kuwa ya serikali, na cha 389 kikaahidi kwamba haki za wanaoyatumia zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Miaka ikapita, kumi juu ya kumi, amri haionekani. Sasa mzee wa Walungu, huku Bushi, anayelima kalinzi ya baba yake, akishitakiwa na mtu wa mjini mwenye hati ya usajili mkononi, anasimama juu ya nini? Hilo ndilo swali langu. Watu wanafukuzwa mashambani kwa ajili ya swali hilo, kwa hiyo siandiki memwari ili nipate pointi tu.

Maandishi ya sheria yenyewe hayanisumbui. Yapo kwenye intaneti, kwenye tovuti ya Leganet unayapata. Nilichohitaji ni kitabu cha maelezo, kile ambacho dirikteri wangu, mwalimu anayesimamia memwari, alisema bila kukisoma nisithubutu kumpelekea sura ya pili. Hapa mjini nilijua kiko mahali pamoja.

Basi nikaenda. Kadi nimelipia, fishi ya kuombea kitabu nimejaza vizuri, herufi kubwa. Mama aliyekuwa dirishani hakuinua macho. Simu yake ilikuwa imechomekwa kwenye plagi ya pekee inayofanya kazi ukumbini, na sisi wenye kompyuta za kuishiwa moto tulikuwa tunaiangalia ile plagi kama watu wenye kiu. Nikangoja. Akaita jina langu, akasukuma kitabu, nikakaa karibu na dirisha kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mwanga wa nje ndio uliokuwa unatusaidia.

Nikafungua sehemu ya mashamba ya wenyeji. Maelezo ya kifungu cha 386 yapo. Ukurasa unaofuata unaanza na 390.

Nikarudi nyuma nikidhani kurasa zimeshikana. Hapana. Ndani kabisa, kwenye mshono, vilibaki vipande vyembamba vya karatasi vyenye meno meno, na juu ya kimoja wapo ukiinamisha kitabu unaona miisho ya maneno, herufi mbili tatu kila mstari. Makali yake yalikuwa yamekwisha kuwa ya rangi ya chai na vumbi limeingia. Mtu yeyote mwenye macho anaona kwamba karatasi hizo zilichanwa zamani, labda mimi nikiwa bado shule ya msingi.

Nikabeba kitabu mpaka dirishani. Nikasema kwa adabu: "Mama, samahani, hapa kurasa zinakosekana. Kuna kopi ingine?"

Ndipo akainua macho. Akakivuta kitabu, akatazama, akanitazama. "Njo weye umezipasula."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, "Mama, nimezikuta hivi, angalia hata vumbi lililomo." Hakuangalia. Akapaza sauti, ukumbi mzima ukageuka: "Banafunzi ba siku hizi njo banaharibu bitabu! Fungula sakosi!"

Nikafungua. Ningefanya nini? Kitabu kiko mikononi mwake, kadi yangu iko mikononi mwake. Akaimimina juu ya meza: daftari, chaja, mandazi mawili niliyofunga kwenye karatasi, kitambaa cha jasho. Akakunjua hata ile karatasi ya mandazi. Wasichana wawili wa mwaka wa kwanza walikuwa wanangojea zamu nyuma yangu. Alipokosa kitu hakusema pole. Alisema, "Labda umekwisha kuzitosha inje," yaani nimezitoa nje.

Mimi nasomea sheria. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kila mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ipitishwe. Kitabu cha Katiba hiyo kimo katika maktaba hiyo hiyo, kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti cha yule Mama. Nilikuwa naona mgongo wake wakati anakung'uta sakosi yangu.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa: msiende. Rafu zimejaa vitu vya Wabelgiji, viti vinayumba, na fotokopi inatoka na mstari mweusi katikati. Siku ile nilikuwa nimeandika hivyo kwenye simu, bado kutuma tu.

Ila haki ni haki, na lazima niseme na yaliyofuata.

Yupo Papa mmoja anayefanya kazi ya kupanga vitabu huko nyuma. Hana kiti dirishani. Alikuwa ameona yote. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu akanifuata mlangoni, akauliza: "Mwanangu, ulikuwa unatafuta nini?" Nikamwambia kalinzi. Akasema rudi siku nisipokuwa na yule Mama, akanitajia siku.

Niliporudi alikuwa ameshatoa katoni. Ndani kuna memwari za zamani, zimepigwa kwa mashine ya kuandikia, karatasi nyembamba zile ambazo herufi "o" inatoboa. Moja ilikuwa juu ya kalinzi. Mwandishi wake alikuwa ameenda kijijini, akawahoji wazee, akaandika neno kwa neno jinsi walivyopeana shamba: ng'ombe gani alitolewa, nani walikuwa mashahidi, mpaka ulipita kwenye mti upi. Yaani ushahidi ambao hakimu angeuhitaji, umelala katonini. Kitabu cha dirikteri wangu, hata kama kingekuwa kizima, kisingenipa hayo. Na kifungu cha 34 cha Katiba kinasema serikali inalinda haki ya mali, ya mtu mmoja au ya wengi, iliyopatikana kufuatana na sheria *au na desturi*. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi, lakini ni mbele ya zile karatasi nilipoona namna ya kukitumia. Sura ya pili ilijengeka pale pale, nimesimama, kwa sababu viti vyote vilikuwa vimekaliwa.

Papa akanisaidia kunakili kwa mkono sehemu ambazo mashine ya fotokopi ingezirarua. Yeye anasoma, mimi naandika. Hakuniomba kitu. Nilipotaka kumwachia ya maji akakataa, akasema nikitetea memwari yangu nilete kopi moja iingie katonini.

Basi maktaba hiyo ni nzuri au mbaya? Nilisema msiende, na sasa nasema kwa mtu wa sheria ya udongo katika Kivu ya Kusini sijaona mahali penye mali kama ile. Lakini kila nikikumbuka ile karatasi ya mandazi inakunjuliwa, damu inapanda tena. Mali hiyo imewekewa mlinzi anayemwona kila msomaji ni mwizi, na wale wasichana wawili wa mwaka wa kwanza sijawaona tena pale. Waliondoka siku ile ile bila kitabu. Hilo linaniuma kuliko sakosi yangu.

Mkienda, kitabu mkifungulie hapo hapo dirishani kabla ya kukaa, na kila ukurasa unaokosekana mdai uandikwe kwenye fishi, yeye atie sahihi na ninyi mtie. Akikataa, ombeni kumwona mkubwa wake. Mimi niliomba, nikaandika na barua. Jibu sijapata. Kopi ya memwari yangu nitampelekea Papa mwenyewe, mkononi, na yule Mama nitamdai pole yangu siku hiyo mbele ya watu, kama alivyonifungulisha sakosi mbele ya watu.