"Maziwa yenu ya madumu": uzoefu wangu na maziwa ya oganiki

Neno lenyewe ni "yenu". Ndo linaniuma mpaka leo, sio bei, sio kucheleweshewa mzigo, ni hilo tu. Namuuliza mdada wa wale wauza maziwa ya oganiki swali la maana kuhusu maziwa ninayowapa wanangu, ananijibu kwenye simu, "Dada, kama unaona tabu si urudi tu kwenye maziwa yenu ya madumu." Yenu nyie akina nani? Mimi niliyekuwa nawalipa elfu sita kwa lita kila Jumanne na Ijumaa ndo nimekuwa "nyie"?

Ngoja nianze mwanzo maana nikitanguliza hasira sitaeleweka.

Sisi hapa nyumbani maziwa yanaenda lita mbili kwa siku, uji wa kitinda mimba, chai ya asubuhi, na mtindi wa jioni maana baba watoto bila mtindi na ugali hajala. Miaka mingi tumenunua kwa bibi mmoja wa Goba, ana ng'ombe wanne chotara, anawafugia ndani, yanaletwa na kijana wa bodaboda alfajiri kwenye dumu, 2,500 kwa lita. Ni maziwa ya kawaida ya mtaani, sina cha kusifia sana wala cha kuponda sana, ila kuna kipindi yalikuja mepesi, ukimimina unaona kama yana rangi ya bluu kwa mbali. Shemeji yangu ana laktomita, kile kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji, akapima, na maziwa mazima yanatakiwa yasome kama 1.028 kupanda, haya yalikuwa chini kabisa. Maji. Nikampigia bibi nikiwa nimewaka, kumbe kijana wake alikuwa anauza lita mbili tatu njiani halafu anajazia kwenye bomba. Bibi akamtoa kijana siku ileile na wiki nzima iliyofuata hakunidai hela. Hilo nimelisema ili mtu asije akadhani namtetea bibi kwa sababu ni wa huku kwetu.

Kilichonifanya nihame ni mtoto wangu wa kati. Huyu alishapewa dawa ya maji ya penisilini akiwa mdogo, akavimba uso na midomo usiku uleule, tulikimbia naye hospitali nikiwa na kanga tu na ndala mguu mmoja mmoja wa aina yake. Daktari akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu, asipewe penisilini tena. Sasa mjomba wangu ni bwana mifugo mstaafu, siku moja kaja kula, namsimulia hayo, ananiuliza, je maziwa unanunua wapi? Nikashangaa maziwa yanaingiaje hapo. Ndo akanielewesha kwamba ng'ombe akipata ugonjwa wa kiwele anatibiwa kwa vile vityubu vya kubinyia dawa kwenye chuchu, na vingi vina penisilini ndani yake, sasa mfugaji asiposubiri zile siku zilizoandikwa kwenye boksi akakamua akauza, dawa iko kwenye kikombe cha mtoto. Na kuchemsha hakusaidii, dawa haiishi kwa moto wa jikoni.

Jamani nililala na hilo neno siku tatu.

Kwa hiyo nilipoona tangazo la maziwa ya oganiki, yale ya ng'ombe wanaofugwa bila kemikali, kwenye status ya mtu, chupa za glasi, majani mabichi, ng'ombe anatabasamu, sikuuliza bei mara mbili. Elfu sita lita, na chupa unaweka dhamana ya elfu mbili mbili. Tukapanga lita nne Jumanne na nne Ijumaa kwa ajili ya watoto, sisi wakubwa tukarudi kwenye chai ya rangi, na mtindi wa baba ukapungua na hakulalamika maana na yeye ile usiku ya hospitali anaikumbuka.

Na niseme ukweli wa Mungu, maziwa yale ni matamu. Juu yanakaa malai mazito, harufu yake ni ya maziwa hasa, hayana ile harufu ya dumu. Mtoto wa kati ambaye huwa anabembelezwa kumaliza kikombe akawa anaomba cha pili. Kama ningekuwa naandika wiki ile ya kwanza ningewapa alama zote. Nilishawaambia hadi mawifi zangu wawili waagize, na mmoja aliagiza.

Kitu kimoja tu kilinikera mapema, karatasi yao ya kwenye chupa inasema msiyachemshe mtaua virutubisho. Mabichi! Nchi ambayo ugonjwa wa brusela upo kwenye ng'ombe, na kifua kikuu cha ng'ombe kipo, na yote yanampata mtu kwa maziwa mabichi, unamwambia mama mwenye mtoto wa miaka miwili asichemshe? Vitamini zinapungua kidogo ni kweli, ila protini na kalsiamu hazikimbii popote. Viwandani kwenyewe wanayapitisha kwenye nyuzi 72 kwa sekunde 15 ndo wanafunga. Nikachemsha kama kawaida, nikasema labda aliyeandika hajui, sio kosa la ng'ombe.

Sasa hiyo siku, kama sio Jumanne basi ni Ijumaa kwa sababu chupa zilikuwa mezani, nikajisemea mbona lile swali lililonileta huku sijawahi kuliuliza. Nikaandika wasap kwa adabu zote, habari za kazi, naomba kuuliza ng'ombe akiumwa kiwele mkamtibu, maziwa yake mnayamwaga siku ngapi kabla ya kuanza kuuza tena? Nikaeleza na sababu, kwamba mwanangu ana aleji.

Wakanitumia picha ya ng'ombe wako kwenye majani.

Nikauliza tena. Wakanitumia bei mpya ya siagi. Mara ya tatu nikapiga, akapokea mdada, sauti nzuri tu, nikarudia swali langu. Akasema ng'ombe wetu hawaumwi. Nikamwambia dada, ng'ombe wote wanaumwa, hata wangu wa kufikirika anaumwa, naomba tu kujua utaratibu wenu. Akasema sisi ni oganiki hatutumii kemikali. Nikamuuliza, sawa, cheti mnacho? Maana kuna ile alama ya bidhaa za oganiki, Kilimohai, ambayo nchi zetu za Afrika Mashariki zimekuwa nayo toka 2007, nimeiona kwenye asali na viungo, na hata wakulima wadogo wanaweza kuipata kwa kukaguana kwenye vikundi, kwenye chupa zenu siioni, naona tu jani limechorwa. Kimya. Halafu akashusha pumzi, ile pumzi ya mtu aliyekuchoka, akasema wewe unanunua lita nane kwa wiki lakini maswali yako ni ya mtu wa kiwanda, halafu ndo akamalizia na hilo la maziwa yenu ya madumu.

Akakata.

Yaani nilibaki nimeshika simu. Nilikuwa sijamtukana, sijamlaumu, nimeuliza kitu ambacho mtu anayeuza oganiki anatakiwa akijue usingizini. Maana oganiki yenyewe haimaanishi ng'ombe haumwi! Mjomba alishanieleza, Marekani ng'ombe wa oganiki akipigwa antibaotiki, dawa kama hiyo penisilini, anatolewa moja kwa moja kwenye kundi la oganiki, na Ulaya anaruhusiwa kutibiwa ila siku za kusubiri zinakuwa mara mbili. Sasa nyie mnafuata ipi? Hata mngesema hatuna cheti bado ila tunasubiri siku kumi, ningewaamini na ningeendelea kununua. Mtu anayetoza elfu sita anauza nini kama sio hilo jibu? Malai?

Kesho yake nikapanda daladala mpaka Goba. Miaka yote hiyo nanunua sijawahi kufika bandani kwa bibi, nalisema kwa uchungu maana ni la kwangu hilo. Nikamkuta anachambua pumba. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu mbona umenitupa, nikaona aibu, nikamuuliza lile swali lilelile. Hakuniuliza kwa nini. Akanishika mkono tukaenda nyuma, kuna ng'ombe mmoja mweusi na mweupe kafungwa kitambaa chekundu mguuni, akasema huyu alivimba kiwele, katibiwa, leo siku ya pili, bwana mifugo kaniambia dawa hii siku nne, maziwa yake yanamwagwa pale, akanionyesha shimo. Halafu akamwita mjukuu alete daftari, daftari la shule lile la mistari, ndani tarehe, dawa, ng'ombe gani, siku za kusubiri. Mwandiko wa mtoto wa darasa la sita.

Nilitaka kulia. Nikasema moyoni basi, hapa ndo nyumbani, na wale nitawaandika kila mahali.

Lakini nikaendelea kuuliza maana nilishaanza. Bibi, haijawahi kukosewa? Akanyamaza kidogo, akasema imewahi, mwanangu siwezi kukudanganya. Kuna mara moja yeye alikuwa msibani, mjukuu akakamua wote akachanganya, na alipogandisha mtindi ukakataa kuganda siku mbili, yamebaki vilevile kama maji, ndo akajua dawa imeingia maana dawa inaua vile vidudu vinavyogandisha. Kitambaa chekundu kilianza baada ya hapo.

Sasa hapo nifanye nini? Bibi ni mkweli, ila ukweli wake wenyewe unaniambia ilishatokea, na yale maziwa yaliyochanganywa yalikwenda nyumba za watu, inawezekana na kwangu. Halafu sio oganiki huyu, hajawahi kusema ni oganiki, pumba ananunua mashineni, hajui mahindi yalipigwa dawa gani, mashudu ya alizeti yanatoka Singida huko. Pumba zenyewe nilizichungulia, nikanusa, zilikuwa kavu, ziko juu ya mbao. Hilo nalo nililiangalia kwa sababu ya sumukuvu, pumba ikiota ukungu ng'ombe anakula na sumu inatoka kwenye maziwa na yenyewe haiishi kwa kuchemsha. Tulishaona 2016 Dodoma na Manyara sumukuvu ilivyoua watu kwenye mahindi. Na hapo neno oganiki halikusaidii chochote, kuvu haiulizi shamba lilipigwa dawa au la, inategemea stoo ni kavu au ni mbichi. Stoo ya bibi nimeiona. Ya wale sijui iko mkoa gani, kwenye chupa wameandika tu "kutoka milimani".

Mjomba nilipomsimulia akasema kitu ambacho sikukipenda, kwamba inawezekana kabisa wale wa oganiki ng'ombe wao wanatunzwa vizuri kuliko wa bibi, na aliyekosea ni mdada wa simu tu, hajui shamba, kaajiriwa ajibu oda. Inawezekana. Malai yale hayadanganyi, ng'ombe anakula vizuri. Lakini mjomba, mimi siendi shambani, mimi ninachokutana nacho ni huyo mdada, na mdomo wake ndo mlango wa hilo shamba, kama yeye hajui siku za kusubiri mimi nitazijuaje?

Kwa sasa tumerudi kwa bibi. Nimemnunulia ndoo ya aluminiamu yenye mfuniko, dumu sitaki tena maana halisuguliki ndani, hata yule mdada hilo la madumu kama angelisema kwa heshima ningemkubalia. Maziwa yakifika natoa kikombe kimoja nagandisha kwanza, na mtoto wa kati hapewi mpaka nimeona yameganda, yanayobaki nachemsha naweka frijini. Ni usumbufu, na mjomba anasema kipimo hicho sio cha kutegemea asilimia mia kwa mtoto mwenye aleji kwa sababu dawa kidogo sana inaweza kupita mtindi ukaganda vizuri tu. Kwa hiyo siku nyingine simpi kabisa, nampa uji wa karanga, ananiangalia, ananiuliza mama yale ya chupa yamekwisha? Hapo ndo hasira inarudi upya, kwa sababu kama wangenijibu tu asingekuwa ananiuliza.

Unayetaka kuchagua, sijui nikuambie nini, mwanzo nilitaka kusema usinunue oganiki, sasa hivi nasema wapigie uwaulize siku za kusubiri, na wa mtaani kwako muulize hilohilo, ukiwa umesimama bandani sio kwenye simu.

Chupa zao nne ziko hapa jikoni, nimeziosha na maji ya moto, zimekaukia kwenye kanga. Elfu nane yangu ya dhamana waniletee, na jibu la swali langu waje nalo. Likiwa jibu la maana, na mdada akaniomba radhi kwa lile "yenu", sisemi sitanunua tena.