Baiskeli ya mlimani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma: ipi inafaa Goma

Kabla hujatoa dola mfukoni, inama kwanza. Shika tairi la baiskeli unayoitaka, lifute vumbi ubavuni kwa kidole, utafute tarakimu ndogo zilizochapwa kwenye mpira: 54-559, au 57-584, au 58-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia, na hiyo ndiyo ya kuaminiwa. Zile inchi zilizoandikwa kwa herufi kubwa ni jina la ukoo tu.

Mimi nilijifunza hilo kwa hasara. Nilimwagiza mdogo wangu aliyekuwa anarudi kutoka Kigali aniletee tairi la 27.5. Muuzaji akamwambia nusu haina neno, akampa la 27. Nikalibeba hadi kwa fundi mmoja wa mtaa wa Birere, akalivalisha kwenye rimu, akaliona linacheza kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. «Yaya, hii pine inaogelea!» Majirani wote wa kibanda wakageuka kutazama. Kumbe 27 ya kizamani ina rimu ya milimita 630, na 27.5 ya mlimani ina 584. Namba iliyo ndogo kwa jina ndiyo kubwa kwa mwili. Vilevile 28 ya zile baiskeli nyeusi za kubebea mizigo, Phoenix na ndugu zake, ni 635, wakati 29 ya mlimani ni 622. Na 26 ya mlimani ni 559, lakini 26 x 1 3/8 ya baiskeli za mjini ni 590. Anayenunua baiskeli ya magurudumu mawili yasiyolingana anajiletea tatizo hili mara mbili, ndiyo maana nimeanza nalo.

Sasa, baiskeli zenyewe. Wazungu wanaziita maleti, kwa jina la ule mtindo wa nywele fupi mbele na ndefu nyuma. Wengine huandika MX, wakikumbuka pikipiki za motokrosi. Mfumo uliozoeleka leo ni 29 mbele na 27.5 nyuma. Wazo lenyewe si jipya. Cannondale walikuwa na baiskeli ya 26 mbele na 24 nyuma tangu miaka ya 1980, na hapa Goma kila aliyewahi kuendesha Yamaha DT 125 amekalia chombo cha namna hiyo bila kujali: mbele 21, nyuma 18. Kilichozileta baiskeli hizi madukani kwa wingi ni sheria. Hadi mwaka 2019 UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, ilidai magurudumu yote mawili yawe na kipenyo kimoja. Kanuni ilipolegezwa kwa baiskeli za mlimani, Mfaransa Loïc Bruni akashinda ubingwa wa dunia wa kuteremka mlima mwaka huohuo, kule Mont-Sainte-Anne nchini Kanada, juu ya 29 mbele na 27.5 nyuma. Baada ya hapo kila kiwanda kilitaka yake.

Je, sisi zinatuhusu? Mjini, kwenye lami ya kutoka Himbi kwenda katikati ya mji, hapana. Nunua baiskeli ya kawaida, utunze hela. Lakini toka kidogo pembeni. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilikata mji hadi ziwani, nasi tunaishi juu ya jiwe. Kuna vichochoro vya Majengo na Ndosho ambamo mawe yametokeza kama meno ya mzee, meusi, makali, hayana mpangilio. Gurudumu la mbele ndilo linalokutana na jiwe kwanza. Likiwa kubwa, linaligonga kwa pembe iliyolala zaidi, linapanda badala ya kukwama, na mikono yako inapumzika. Gurudumu la nyuma linafuata njia iliyokwisha funguliwa. Likiwa dogo ni jepesi, linageuka upesi, na kwenye mteremko mkali, unaposogeza makalio nyuma ya tandiko, halikusugui. Hili la mwisho ni jambo kubwa kwa watu wafupi. Mwenye mita 1.60 akiteremka na 29 nyuma, suruali yake ndiyo itakayokwambia.

Tofauti si muujiza, lakini. Anayekuambia baiskeli itaruka yenyewe juu ya lava anataka kukuuzia.

Kipimo changu cha kuzipanga ni kimoja: tairi la nyuma likipasuka siku ya Jumamosi, utalipata Goma kabla ya Jumatatu? La nyuma ndilo linalobeba uzito mwingi, ndilo linalovutwa na mnyororo, ndilo linaloburuzwa ukifunga breki. Lava inalikata lile kwanza. Kwa kipimo hicho mpangilio wangu unatoka tofauti na wa majarida ya Ulaya.

Namba moja: baiskeli kuukuu ya 26, iliyotiwa 27.5 mbele

Najua, hakuna kiwanda kinachoitangaza. Lakini fikiria. Baiskeli za mlimani za 26 zilizotumika zimejaa, na tairi lake la 559 linaning'inia kwenye vibanda Birere na kwenye soko la Virunga. Saizi inayopatikana inakaa nyuma, pale panapolika. Saizi ya kuagiza, 27.5, inakaa mbele ambako tairi moja hudumu muda mrefu zaidi. Rimu ya mbele inapanda milimita 12.5 tu, kwa hiyo usukani unalala nyuma chini ya digrii moja, na pedali zinainuka kama milimita 5. Fremu za zamani zilikuwa zimesimama mno kwenye mteremko, hivyo kulala huko kidogo ni faida, na pedali kuinuka juu ya lava ni baraka.

Masharti yapo, na usiyaruke. Baiskeli lazima iwe na breki za diski, angalau mbele. Breki za kubana rimu zimefungwa kwa urefu wa 26. Ukiweka rimu ya 27.5 vibao vyake vitakuta spoki. Halafu uma wa mbele, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Uma wa 26 mara nyingi hulipokea gurudumu la 27.5 ukivalisha tairi jembamba la 2.0 au 2.1, ila «mara nyingi» haitoshi. Toa upepo wote kwenye uma, au legeza springi, kisha ulalie usukani kwa uzito wako wote mpaka uma ufike mwisho. Tazama kati ya tairi na daraja la uma juu. Kama kidole kidogo hakipiti, acha. Tairi likigusa pale ukiwa kwenye mteremko wa Kibumba, gurudumu linasimama papo hapo nawe unaendelea na safari peke yako.

Hesabu pia ekseli. Baiskeli hizi nyingi ni za milimita 100 mbele na 135 nyuma, na hiyo ya nyuma ni kipimo ambacho mafundi wetu wana vipuri vyake. Yangu nilitoa dola 130 kwa baiskeli, kisha nikangoja gurudumu la mbele wiki sita. Sijajuta, isipokuwa kwa zile wiki sita.

Namba mbili: iliyozaliwa hivyo kiwandani

Ukiwa na maelfu ya dola, au una ndugu Ulaya anayekuja na mzigo, hizi ndizo baiskeli bora kwa uendeshaji wenyewe; sibishani. Kila kipimo kimepangwa kwa 29 na 27.5, hujikuni kichwa. Ya kwanza ningetafuta Specialized Status 160. Fremu yake ni ya alumini, na hilo kwetu si jambo la ufukara. Kaboni ikianguka juu ya jiwe la lava inaweza kupasuka ndani huku nje inang'aa. Alumini ikiumia utaona bonde au ufa, na utajua. Santa Cruz Bronson ya kizazi cha nne, iliyotoka 2021, ina milimita 150 za mchezo (kiasi ambacho gurudumu hupanda na kushuka) nyuma na 160 mbele, na ni tamu, ila nyingi utakazokutana nazo ni za kaboni. Nomad yao ya 2022, pamoja na milimita 170 zake, ni kununua lori la kubebea mkaa wa chai. YT Capra MX na Commencal Meta SX ziko katika ukoo huohuo.

Kinachozishusha hadi namba mbili ni amotisa, kile kifaa cha kumeza mitikisiko, na tairi la nyuma. Amotisa ya nyuma ina sili na mafuta yanayotaka kubadilishwa kwa ratiba, na vumbi la lava ni kama msasa. Ukinunua moja, agiza sili siku hiyohiyo pamoja na matairi mawili ya 584. Usingoje ichoke.

Kuna pia baiskeli za 29 zenye kipande kidogo cha chuma kwenye maungio ya amotisa, ambacho ukikigeuza fremu inakubali 27.5 nyuma bila kuzama. Ni wazo zuri. Muulize muuzaji kipande hicho kipo na skrubu zake hazijaliwa. Ya mitumba mara nyingi imekwisha chezewa.

Namba tatu: ya 27.5 iliyopewa uma wa 29

Inafanya kazi vizuri lakini inakula hela mara mbili, uma na gurudumu. Kosa la kawaida ni kununua uma wenye mchezo uleule. Uma wa 29 ni mrefu zaidi kuanzia mwanzo, na gurudumu lenyewe linaongeza milimita 19. Vyote viwili pamoja vinainua pua ya baiskeli hadi kwenye mlima inatangatanga kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Ilikuwa na uma wa 140? Tafuta wa 29 wenye 120.

Ya mwisho: ya 29 iliyowekewa 27.5 nyuma bila chochote kingine

Hii ndiyo utakayouziwa, kwa sababu ni rahisi kuitengeneza. Muuzaji ana 29 nzima, gurudumu la nyuma limekufa, anachomeka la 27.5, anaiita maleti, bei inapanda. Tazama kinachotokea: ekseli ya nyuma inashuka milimita 19, usukani unalala karibu digrii moja, na ekseli ya pedali inashuka kama milimita 12. Milimita 12 kwenye karatasi ni upana wa kidole. Ndoshoni ni tofauti ya kupita na kutopita. Niliazimwa moja kwa siku nzima. Kabla ya saa sita nilikuwa nimegonga jiwe kwa pedali ya kushoto mara nne, mara ya nne nikalala chini na kitu kizito kifuani ambacho kilikuwa baiskeli. Na kibadilisha gia nacho kimeshuka zile milimita 19 kuelekea mawe, na ndicho kipuri ghali kuliko vyote huko nyuma.

Kama tayari unayo na moyo hautaki kuiachia, badili mikono ya pedali, toa ya 175 weka ya 165. Utarudishiwa milimita 10 za uhai.

Kwa wenye kubeba mzigo sina namba. Kiazi, mkaa, mama na mtoto nyuma: hayo si ya baiskeli hizi. Chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, ilishamaliza mjadala huo zamani, na imewekewa sanamu katikati ya mzunguko wa barabara. Sijaona maleti iliyochongewa sanamu.

Siku ya kwenda kuitazama, beba futi ya fundi na pampu. Pima kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi chini, matairi yakiwa yamejaa. Chini ya sentimita 31 kwa baiskeli isiyo na amotisa ya nyuma, mimi naondoka. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe, sikiliza. Geuza fremu chini juu usome namba ya kiwanda, uidai na faktura, hasa kama utavuka nayo mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, kutembea.

Angalia pia tundu la valvu kwenye rimu zote mbili. Chagua la valvu nene kama ya pikipiki, kwa sababu ndiyo inayopokea pampu ya kila fundi wa kando ya njia. Na kuhusu tyubu, usijisumbue kubeba saizi mbili: tyubu ya 26 inavutika vizuri ndani ya tairi la 27.5, na ya 27.5 itakufikisha nyumbani ndani ya 29. Katika mfuko wangu wa chini ya tandiko imo moja tu, ya 26, imefungwa ndani ya soksi isitobolewe na bisibisi.