Repea kiti ya kabureta kwa Hilux zenye injini za 22R na 3Y: sailensa ikiwa juu, usianze na hii

Ingia duka la spea hapa Ngamiani, Tanga, useme sailensa ya Hilux (kasi ya injini bila kukanyaga mafuta) iko juu, na mara nyingi utawekewa mezani repea kiti ya kabureta. Kiti yenyewe ni nzuri. Tatizo ni kwamba inauzwa kama dawa ya ugonjwa isiyoutibu.

Ndani ya pakiti mna gasketi za karatasi, nido ya boya (sindano inayofunga petroli) na kikalio chake, mpira wa pampu ya eksileta na oringi chache. Vitu hivyo hutibu kabureta inayomwaga petroli, moshi mweusi, na gari linalosita ukikanyaga mafuta ghafla. Sailensa isiyoshuka ni habari nyingine: ama kipepeo (kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa ndani ya kabureta) hakifungi, ama hewa inapenya chini yake bila kupita kwenye kabureta. Hakuna kitu ndani ya pakiti ile kinachoziba njia hizo mbili, isipokuwa kwenye pakiti chache zenye gasketi ya chini.

Kwa hiyo pima kwanza. Injini iwe imeshapata moto. Sailensa ya kawaida ni kama mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Chomoa waya wa eksileta kwenye kabureta. Ikishuka, waya ndio unaovuta, hasa kwa magari ya huku pwani ambako chumvi hula nyuzi zake ndani ya ganda. Kisha tazama choki, kifaa cha kusaidia injini kuwaka ikiwa baridi: injini ikiwa moto, skrubu ya sailensa ya baridi haitakiwi kugusa ile kemu yake (kipande kinachoisukuma). Ikigusa, choki imeganda, safisha.

Vyote viwili vikiwa salama, fungua skrubu ya sailensa mpaka isiguse kitu. Injini ikiendelea kuunguruma juu, ziba mdomo wa kabureta kwa kipande cha ubao bapa (si tambara, linaweza kunyonywa). Injini isiyovuja hewa huzimika karibu papo hapo. Ikiendelea kuzunguka, inapumua kwingine. Hapo bana mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo, ukianza na ule mnene wa busta ya breki (kifaa kinachoipa breki nguvu). Ukibana mmoja sailensa ikashuka, umempata mwizi; ukiwa ni wa busta, basi hata breki zako si za kuamini. Mipira ikiwa mizima, nyunyiza maji kidogo kuzunguka kitako cha kabureta na maungio ya manifoldi (bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda), sikiliza mlio unapobadilika. Wengine hutumia petroli kwa kipimo hiki. Juu ya ekzosi yenye moto, huko ni kuchoma gari.

Mara nyingi mkosaji ni insuleta, kile kipande kinene cheusi kati ya kabureta na manifoldi. Hupasuka, au hupinda kwa sababu nati za kona zilikazwa upande mmoja mpaka mwisho kabla ya upande wa pili. Inunue peke yake pamoja na gasketi zake za juu na chini, weka rula kwenye kitako cha kabureta uone kama kimenyooka, halafu kaza nati kwa msalaba, kidogo kidogo. Kupaka silikoni badala ya gasketi tunakukataa kabisa: petroli huilainisha, vipande vikamezwa na injini.

Mwisho shika shafti ya kipepeo uitikise. Ikicheza, hewa inapita kandokando yake, na hapo kazi ni ya fundi wa lezi (mashine ya kuchonga chuma) kuingiza bushi, yaani kipete kinachoziba nafasi hiyo.

Tunalisisitiza hili kwa sababu gari linaloshuka Soni kwenda Mombo na mzigo, sailensa ikiwa juu, halishikiki vizuri kwa gia. Injini inalisukuma na breki ndizo zinazolipa.

Ukiwa bado unaihitaji kiti kwa kazi yake halisi, linganisha nido mpya na ya zamani kwa urefu kabla ya kulipa, na ulowanishe mpira wa pampu kwenye petroli usiku kucha. Ukivimba, urudishe dukani. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli ikaze taratibu hadi iguse tu, ifungue mizunguko kama miwili na nusu, kisha rekebisha injini ikiwa inawaka. Ukiikaza kwa nguvu ncha yake huharibika, na kiti nyingi hazina ya kubadilisha.