Miezi kumi na mtaalamu wa lishe mjini Kampala: uzoefu wangu

Nilipopanda mizani mwezi Machi mwaka jana nilikuwa na kilo 94 kwa urefu wa mita 1.68. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kunywa chai ya kupunguza tumbo kutoka duka moja la dawa za mitishamba, ambayo ilinikimbiza chooni wiki mbili na kunitoa kilo tatu, kisha zote zikarudi nilipoiacha, kwa kuwa kilichotoka kilikuwa maji wala si mafuta. Ndipo nikaamua kulipia mtaalamu wa lishe katika kliniki ndogo hapa mjini, shilingi 50,000 kwa kila kikao.

Nilitarajia makatazo. Badala yake niliagizwa kuandika kila nilichokula kwa siku saba bila kubadilisha chochote, na daftari hilo lilinifedhehesha. Matoke, niliyokuwa nikiyalaumu kwa miaka, hayakuwa na kosa kubwa; kosa lilikuwa katika vitu ambavyo sikuvihesabu kuwa chakula, yaani rolex mbili (chapati iliyokunjiwa mayai) nilizokula jioni nikisubiri taksi, mchuzi wa karanga niliojimiminia bila kipimo, na vikombe vinne vya chai ya maziwa, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya sukari. Vijiko hivyo 12 vinakaribia gramu 50, kikomo cha siku nzima ambacho Shirika la Afya Duniani linamwekea mtu anayetumia kalori 2,000, na hapo soda bado haijafunguliwa. Kuhusu rolex nilielezwa kwamba gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga au ya protini ina 4, na chapati ya kando ya barabara hunywa mafuta mara mbili: inapokaangwa yenyewe na inapokaangiwa mayai.

Sikuacha chakula chochote cha nyumbani. Nusu ya sahani ikawa mboga za majani kama nakati, dodo au sukuma, robo ikawa matoke au posho, yaani ugali, na robo iliyobaki maharage, samaki au mukene, yaani dagaa. Sukari niliipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, na sasa chai ya zamani siwezi kuimaliza. Mwezi Julai uzito ulikwama kwenye kilo 86 kwa wiki tano, nikakaribia kukata tamaa; mtaalamu alinieleza kuwa mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko ule wa awali, akanitaka nipime kiuno kwa utepe na kuongeza mwendo wa miguu.

Jambo ambalo kliniki haikuniandaa nalo ni ndugu. Mama mkwe, aliyeko Masaka, aliponiona mwezi Septemba alinivuta kando na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ninaumwa, nami sikumlaumu, kwa maana watu wa rika lake katika sehemu za Masaka na Rakai hawajaisahau miaka ya 1980, ukimwi ulipoitwa silimu kwa jinsi ulivyokondesha watu. Ilinibidi nile luwombo yake, kitoweo kinachopikwa ndani ya majani ya mgomba, mbele yake ili atulie.

Kasoro zipo. Kijitabu nilichopewa kilisheheni shayiri, brokoli na samaki wa bei ambayo mshahara wangu hauifikii, kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, na mara tatu mhudumu wa mapokezi alijaribu kuniuzia unga wa protini wa shilingi 180,000 ambao mtaalamu mwenyewe hakuwahi kuutaja. Kuchelewa kwa vikao nimekuzoea.

Leo nina kilo 79, na kiuno kimetoka sentimita 108 hadi 94. Huduma hii ningempendekezea mtu aliye tayari kuandika ukweli katika daftari. Anayetaka matokeo kabla ya harusi ya mwezi ujao atapoteza fedha zake. Mimi sasa ninakwenda mara moja kila baada ya miezi miwili, na daftari nimelianza upya wiki hii, kwa kuwa kabla ya Krismasi nilikuwa nimefika kilo 77 na nusu.