Namba 137: siku ya huduma ya makanisa, Mbagala

Mwenye haraka nampa alama zangu kabisa aende zake: upimaji wa macho tisa kwa kumi, chakula saba, nguo tano, ugawaji wa mifuko ya chakula mbili mpaka saa nane mchana, na nane kuanzia hapo. Kwa nini mifuko ina alama mbili, nitafika.

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Kizuiani, na ni Mwislamu. Nalisema mapema kwa sababu kila niliyemsimulia ameniuliza swali moja: "Hawakukuombea kwa nguvu?" Hawakuniombea. Asubuhi padri mmoja na mchungaji mmoja walisali kwa kupokezana, dakika chache, wakaweka kipaza sauti chini, na kuanzia hapo kikawa cha kuita namba tu. Pembeni kulikuwa na hema dogo limeandikwa MAOMBI. Anayetaka anaingia. Mimi nilipita nikaenda kwenye macho.

Habari zenyewe nilizipata kwa jirani, mzee wa kanisa kwa Walutheri, alipoleta suruali kupunguzwa kiuno. Akaniambia makanisa matano ya hapa kwetu yameungana: Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste. Nikacheka, maana nawajua kwa vipaza sauti vyao, kila mmoja na saa yake. Akasema huko juu wamezoeana siku nyingi: CCT, jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti, ipo tangu 1934, maaskofu wa Kikatoliki wana baraza lao, TEC, tangu 1956, na mwaka 1992 mabaraza hayo mawili yakaunda tume moja ya huduma za jamii kwa ajili ya hospitali na shule zao. "Juu wanaelewana, mama. Kazi ni huku chini, nani akae meza kuu."

Walivyolimaliza ndiyo kitu cha kwanza ninachowasifia. Hapakuwa na meza kuu. Hapakuwa na mgeni rasmi. Mnaojua shughuli za mji huu mnanielewa: hakuna aliyekaa juani saa tatu akimsubiri mheshimiwa aliyekwama Mtoni kwa Aziz Ali. Na wote waliovaa fulana walivaa nyeupe, zimeandikwa HUDUMA kifuani, jina la kanisa hakuna. Walikubaliana hivyo kwenye kikao. Likumbukeni hilo neno, walikubaliana.

Siku ndiyo waliikosea. Jumamosi haiwezekani, Wasabato wako ibadani. Jumapili haiwezekani kwa wengine wote. Ikabidi itafutwe sikukuu ya serikali, wakachukua Sabasaba. Sasa nani anapanga shughuli Mbagala tarehe 7 Julai na wataalamu wanatokea mjini? Barabara ya Kilwa siku hiyo inapita mlangoni mwa maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Gari la watu wa macho lilitakiwa saa mbili, likaingia saa nne na robo, na dereva shati limelowa kama aliyeogelea.

Lakini foleni haikuvunjika, na mimi ni mtu wa kuzijua foleni, njooni muone kibaraza changu wiki ya Idi. Ukiingia geti la shule unapewa kikaratasi cha manila kina namba na mhuri. Yangu 137, ya mama mkwe 136. Rangi inasema unaenda hema gani: buluu macho, nyekundu damu, njano presha na sukari. Wazee walikuwa na viti vyao vya mbele chini ya turubai. Kulikuwa na baba mmoja mwenye miwani ya jua na faili kwapani, akajaribu kupita mbele akisema yeye ni mtu wa mtaa. Binti wa kwaya aliyekaa mlangoni, hajafika hata miaka ishirini, akapiga goti kidogo: "Shikamoo baba. Namba yako ngapi?" Baba akarudi kutafuta namba.

Kwenye sukari kulikuwa na kichekesho. Saa moja na nusu walianza kugawa uji wa ulezi, mtamu, mzito, umekolea sukari. Hema la kupima sukari lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye sufuria. Nesi anauliza, "Umekula?" Mtu anajibu kwa moyo mweupe kabisa, "Sijala." Kwa Kiswahili chetu uji hauliwi, unanywewa! Namba zikaanza kupanda mpaka nesi akashtuka, maana aliyefunga tangu usiku akifika saba kwenda juu ni jambo la kutazamwa tena, ila aliyetoka kubugia bakuli la uji hapimwi kwa kipimo hicho. Nesi akabadilisha swali. Kuanzia hapo ikawa, "Tangu uamke, umetia nini mdomoni?" Na jibu linaandikwa pembeni ya kipimo. Akili nzuri, lakini sufuria lingewekwa upande wa pili wa uwanja tusingefika huko.

Haya, macho. Yule kijana wa vipimo alitundika kile kibao cha herufi E kwenye mwamba wa goli, akanyoosha kamba ya manila kutoka kwenye goli mpaka kwenye kiti, mita sita, akafunga fundo. Unaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Mama mkwe akakaa, akajifunga khanga vizuri, akaanza kuonyesha kulia. Kulia. Kulia. Kulia tena. Kijana hakumkatiza wala hakucheka. Alimwacha mpaka mstari ukaisha, kisha akaja akachuchumaa mbele yake, akasema taratibu, "Bibi, hata ile kubwa huioni, eh?" Mama mkwe akanyamaza. Halafu akasema, "Naona weupe."

Miaka miwili nimekaa na yule mama nyumba moja nikidhani anachagua mchele vibaya kwa sababu ya uvivu. Niliona haya, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Akammulika na kurunzi. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Akamweleza kwamba dawa ya matone haiondoi mtoto wa jicho, ni upasuaji, lenzi ya jicho iliyopata ukungu inatolewa na inawekwa ya bandia. Akamuuliza ametumia nini. Mama mkwe akafungua pindo la khanga akatoa kichupa alichouziwa stendi na mchuuzi. Kijana akakisoma lebo mbele na nyuma, akamwomba asikitumie tena. Akaandika karatasi ya rufaa. Juu ya karatasi, kwa mkono, akaandika siku za kliniki na cha kubeba. Hilo wengi huwa hawalifanyi, unapewa karatasi tupu unaenda kuzungushwa.

Zamu yangu. Akanipa kikadi chenye maneno madogo nisome, nikasoma kwa kukisogeza mbali, mkono ukaisha. Nina miaka 48, siku hizi uzi namtungisha mwanangu. Akanivalisha miwani ya moja na nusu. Nikaona afadhali, lakini kikadi ni kikadi, mtu anaweza kubahatisha. Sindano yangu huwa ipo kwenye ukosi wa gauni siku zote. Nikaichomoa, nikachomoa na uzi kwenye pindo, nikajaribu pale pale. Ukakataa. Akanipa ya mbili kamili. Uzi ukaingia mara moja, na nikaona mpaka kishimo cha sindano kilivyo na kutu upande mmoja. Kijana akasema hajawahi kumpima mtu kwa sindano, ila kuanzia leo mafundi atawapima hivyo.

Miwani haikuwa bure. Ilikuwa shilingi 3,000, na asiyenayo anapewa bila kuulizwa maswali. Nililipa, nikapewa na risiti. Niwaambie ukweli, nilifurahi kulipa kuliko ambavyo ningefurahi kupewa.

Damu nitapita haraka. Mwanangu ana miaka 19, akaenda kwenye hema la kuchangia kifua mbele, mizani ikasema kilo 48. Wanaanzia 50. Akaenda bombani kunywa maji, akarudi, nesi akamwangalia tu wakacheka wote wawili. Kwa mnaotaka: uwe na miaka 18 hadi 65, wanaume kila miezi mitatu, wanawake kila miezi minne, wanakupima wingi wa damu kwanza. Ukimaliza unapewa soda na biskuti na unakalishwa kidogo. Usinyanyuke kwa ubishi, kijana mmoja alinyanyuka akakaa tena mwenyewe.

Chakula. Hapa ndipo Waislamu wenzangu walipokuwa wananisubiri. Wiki moja kabla, wazee wawili wa makanisa walikwenda msikitini kwetu kuomba mtu wa kuchinja, akapelekwa kijana wa madrasa, ng'ombe akachinjwa alfajiri, na watu wetu wawili wakasimama pale mpaka nyama inaingia sufuriani. Nguruwe hapakuwa na mjadala, Wasabato wenyewe hawali. Nikala kwa amani. Sasa pilau lenyewe: nyama ilikuwa laini, mchele umechambuka, mpishi alipalia moto juu ya mfuniko kama inavyotakiwa. Ila vitunguu havikukaangwa mpaka vikaiva rangi, kwa hiyo pilau likatoka jeupe kama wali uliopotea njia, na kachumbari iliisha kabla ya namba 100. Watu wa pwani tunaweza kusamehe mengi.

Nguo niliziangalia kwa jicho la kazi. Akina mama wa Umoja wa Wamama wa Kianglikana walileta za kwao zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimefungwa mafungu kwa umri wa mtoto. Hizo ziliisha kwa nusu saa. Zilizobaki zilimwagwa kwenye turubai, kila mtu achague, na nilihesabu suruali tisa za watoto ambazo hazina zipu au zipu imekufa. Mama anayepewa suruali hiyo anakuja kwangu, nami namtoza elfu mbili ya zipu. Nani kamsaidia nani hapo?

Sasa mifuko. Ndani: unga wa sembe kilo tano, maharage kilo mbili, mafuta lita moja, sukari, mche wa sabuni. Orodha ya wanaopewa ilitengenezwa vizuri kuliko orodha yoyote niliyoiona mtaani kwetu. Walipita nyumba kwa nyumba wiki tatu kabla, wawili wawili, na kila wawili wanatoka makanisa tofauti, ili mtu asimwandike shangazi yake akaachwa hivi hivi. Kwangu walikuja dada Msabato na kaka Mpentekoste. Hawakuniuliza nina shida gani. Waliniuliza, "Nani hapa jirani ana shida lakini hatakuja?" Nikawatajia mzee wa kona, aliyepooza upande mmoja.

Halafu siku yenyewe kanisa moja, silitaji, likaja na bango lake lenye jina na picha ya kiongozi wao, mita tatu hivi, likasimamishwa pale pale pa kupokelea. Mpiga picha mbele. Unapewa mfuko, unageuzwa, unaambiwa, "Tabasamu, mama, unyanyue kidogo uonekane." Bibi mmoja alijifunika khanga mpaka puani, akaambiwa ashushe. Akashusha. Nyuma yake kulikuwa na baba niliyewahi kumshonea suti ya harusi ya binti yake, zamani biashara yake ya mbao ilipokuwa inakwenda vizuri. Alitazama ile kamera, akakunja kikaratasi chake, akakiweka mfukoni, akaondoka na mikono mitupu.

Nilikwenda kumwambia mzee wa kanisa, jirani yangu. Akasema analijua, wanaogopa kuvunja umoja. Nikamwambia basi nendeni mkamrudishe yule baba kwa huo umoja. Kumbe si mimi peke yangu niliyesema. Saa nane hivi akaja sista mmoja mfupi, mwenye aproni ya jikoni bado ina majivu, hakuongea na mtu. Alifungua kamba za bango moja moja, akalikunja, akalibeba begani mpaka jikoni, akalitandika chini ya magunia ya mkaa. Mpiga picha akabaki anafuta lenzi. Foleni ikaanza kwenda kwa kasi mara mbili ya mwanzo.

Jioni, baada ya Isha, bodaboda zilipita mtaani bila fulana nyeupe wala taa za ziada, zikagonga kwa mzee wa kona na nyumba nyingine chache. Moja ilisimama kwa yule baba wa mbao. Najua kwa sababu nilikuwa barazani namalizia kazi na miwani yangu mipya.

Hesabu zilibandikwa kwenye milango ya makanisa yote matano Jumapili iliyofuata, mapato na matumizi, hadi kuku na ndizi zilizonadiwa baada ya ibada kuchangia. Jirani alinipigia picha karatasi nzima. Kuna mstari umeandikwa: kamba ya manila, mita sita, 2,000. Mama mkwe amefanyiwa jicho la kulia, la kushoto ana tarehe yake, na mchele sasa ananionyesha mawe niliyoyaacha mimi.

Wanasema watarudia tarehe 9 Desemba. Ukienda, fika saa kumi na mbili na nusu uchukue namba ndogo. Kama unapima sukari usiguse uji, hata kidogo, hata wakikubembeleza. Mwenye shida ya kusoma aende na kazi yake ya mikono ajaribie miwani pale pale. Bebeni khanga ya kukalia, viti ni vya wazee. Zipu mbovu nitakuwepo na cherehani yangu kwenye hema la nguo, nimekubali kushona bure siku hiyo moja, vitambaa na nyuzi wananunua wao. Na kachumbari, katieni nyumbani mwende nayo kwenye kopo.