Wiski ya rai bila kilevi: ya chupa au chai ya viungo?

Wiski ya rai ya Kimarekani, ambayo kisheria angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni rai, hupendwa kwenye kokteli ya Manhattan kwa ule ukali wake wa pilipili. Ukiondoa kilevi, ukali huo utautoa wapi?

Wiski za chupa zisizo na kilevi, kama Lyre's au Ritual, zina harufu ya mbao na karameli, na kila glasi inatoka sawa na iliyopita. Lakini bei inauma, na kwa kuwa hazina kilevi cha kuzihifadhi, ukishafungua zinaharibika. Nyingine zina utamu uliozidi, punguza shira.

Mimi mara nyingi nachemsha chai. Vijiko viwili vikubwa vya majani kwa mililita 250 za maji, pilipili manga iliyopondwa, kipande cha tangawizi na kisibiti kidogo (hicho ndicho kinacholeta ladha ya mkate wa rai). Dakika tano tu, kisha chuja. Ikizidi hapo, ukakasi unakausha ulimi. Gharama yake ni ndogo mno, ila kwenye friji haivuki siku tatu nne, na kila mpishi anatoka na yake.

Kwenye kokteli ya ndimu, chai inashinda. Kokteli ya Old Fashioned, ambayo zaidi ya wiski ina barafu, shira na matone machungu tu, inataka chupa. Kwa asiyegusa kilevi kabisa, aangalie na hayo matone machungu, kama ya Angostura: yana kilevi cha asilimia 44.7.